Karatasi za Kuka: Jinsi Tulivyomtafuta Mkulima wa Ukoo Wetu

  

Mwezi uliopita tuliwapa watoto wa darasa la sita kazi ya nyumbani: andika jina la baba wa babu yako, na kazi aliyokuwa akifanya. Watoto walikuwa 43. Waliorudi na jibu walikuwa 9. Wengine waliandika tu "alikufa". Tulicheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu hata sisi wenyewe si zamani tusingeweza kujibu. Ndiyo maana tumeomba nafasi katika jarida letu tuwasimulie habari hii. Tunaposema "sisi" ni wana wa nyumba moja, tuliofika hapa Kiryandongo wadogo mwaka 2008. Leo mmoja wetu anafundisha kwa kujitolea na wengine wanalima.

Mkebe

Kukhu yetu, mzaa mama, ana mkebe wa biskuti wa bati. Rangi imebanduka, na kifuniko kinafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Wakati wa fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, tulipotoka nyumbani usiku na kuvuka mpaka upande wa Lwakhakha, watu walibeba sufuria, blanketi na kuku. Kukhu alibeba ule mkebe. Aliuchomeka ndani ya debe la unga, akafunika na leso. Mama akamuuliza, "Mayi, karatasi zitapikwa?" Kukhu hakujibu. Unga tuliumaliza kule Mulanda, wilaya ya Tororo, tulikopokelewa kwanza. Mkebe ukaendelea na safari mpaka hapa.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeufungua. Tulijua tu kwamba ni "vitu vya Kuka", yaani baba yake Kukhu, aliyelima Uganda zamani. Kuka alipokaribia kufa mwaka 1984 alimkabidhi mkebe huyu binti yake mkubwa, akawaacha wana wake wa kiume. Kukhu anasema sababu ni mbili: yeye alijua kusoma, na yeye hakunywa pombe. Jina la Kuka hatulitaji hapa, maana ni jina la ukoo na wenye nalo bado wako.

Sasa kilichofungua mkebe ni njaa. Mnajua wenyewe jinsi msaada wa chakula ulivyopunguzwa. Ploti zetu ni ndogo na udongo umechoka. Jioni moja mjomba wetu, mtoto wa kaka yake Kukhu, alikuja akakaa kwenye kigoda akasema, "Senge, Kuka alikuwa na shamba la kahawa Mbale. Karatasi iko kwa mkebe. Tuichukue twende tudai chetu. Tutakaa kambini mpaka lini?"

Kumbe alikuwa amekwisha ongea na mtu mmoja mjini anayejiita broka wa mashamba. Huyo bwana alitaka pesa ya kuanzia, na mjomba alikuwa tayari kuuza mbuzi wake wote wawili. Kukhu akamwambia, "Usiuze mbuzi kabla hatujasoma." Akatugeukia sisi: "Ninyi si walimu? Someni."

Kipande

Tulitandika mkeka tukapanga karatasi kwa miaka. Zilikuwa 31, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Iliyo ya zamani kuliko zote ni kipande.

Vijana wengi hawajui kipande ni nini. Katika Kenya ya wakoloni, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi ya alama za vidole, jina, kabila na kazi yake. Wengi waliitia ndani ya kikopo cha bati na kuivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri aliandika siku uliyoingia, mshahara, na siku uliyotoka, kisha akatia sahihi. Ukikamatwa huna kipande, ni faini au jela.

Kipande cha Kuka kinaonyesha mashamba mawili ya wazungu huko Trans Nzoia. Mshahara ni shilingi 8 kwa tikiti, na tikiti ilikuwa siku 30 za kazi. Shamba la pili lina tarehe ya kuingia mwaka 1936. Tarehe ya kutoka hakuna. Sahihi hakuna.

Tukasema labda karani alisahau. Kukhu akacheka mpaka akashika mbavu. "Hakuna aliyesahau. Baba alitoroka." Kuka aliugua homa, mzungu akakataa kumwandikia siku alizolala, na tikiti ikawa haiishi. Kuondoka bila sahihi ya mwajiri kulihesabiwa utoro, na utoro ulikuwa kosa la kufungwa. Lakini ng'ambo ya mlima, Uganda, sheria ya kipande haikuwako. Akavuka usiku.

Tulinyamaza kidogo. Miaka hii yote sisi tulidhani ndio wa kwanza katika ukoo kuvuka ule mpaka gizani.

Na huo mpaka wenyewe si wa zamani sana. Mpaka Aprili 1902 nchi yetu yote ya magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Baadaye Waingereza wakaihamishia upande wa pili kwa kalamu tu. Kwa hiyo baba yake Kuka aliishi kwanza Uganda, akazeeka Kenya bila kuhama nyumba.

Kumhesabu kwa rika

Kuka hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tulimhesabu kwa rika lake la tohara. Sisi Wabukusu tunatahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, na marika yetu ni nane, yanazunguka kwa kama miaka 100 kisha yanarudi. Kukhu anajua kwamba baba yake alikuwa wa Kananachi. Wazee wanahesabu Kananachi ya zamani kati ya 1924 na 1934. Kukhu anasema alitahiriwa miaka ya mwanzo ya rika hilo. Ikiwa alikuwa kijana wa miaka 14 au 15, basi alizaliwa karibu na 1911.

Hesabu hiyo ilitufurahisha kwa jambo lingine. Rika la Kananachi limerudi tena mwaka 2024, na mdogo wetu alitahiriwa mwaka huo huo. Kwa hiyo yeye na Kuka ni watu wa rika moja! Tangu siku hiyo anadai kuheshimiwa nyumbani.

Pamba, halafu kahawa

Baada ya kipande zinakuja tikiti za kodi kutoka Mbale. Ya kwanza ni ya 1937. Kila mwanamume alilipa kodi ya kichwa kila mwaka na kupewa karatasi ndogo, na Kuka alizitunza kama pesa, kwa sababu askari wa chifu akikuta huna, unalala ndani.

Hapa tulipata shida ambayo na ninyi mtaipata. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu. Karani mmoja anaandika R, mwingine L, mwingine ameongeza herufi mbele. Mwanzoni tulidhani ni watu watatu. Tulijua ni mmoja kwa kulinganisha jina la baba na jina la kijiji, ambayo yanabaki yale yale. Msimkatae babu yenu kwa sababu ya herufi moja ya karani.

Kuna risiti za pamba za miaka ya mwanzo ya 1940. Pamba iliingia Uganda mwaka 1903 na 1904, na nchi tambarare iliyo chini ya Mbale, pamoja na Busoga na Teso, ikawa nchi ya pamba. Mkulima alipanda, akapalilia, akachuma, akabeba magunia mpaka kwenye kiwanda cha kuchambulia. Mavuno yakiisha, sheria ilimlazimu ang'oe mashina ya zamani ayachome, ili wadudu wasibaki shambani. Kukhu alizaliwa mwaka 1945, kwa cheti chake cha ubatizo, na jambo la kwanza analokumbuka duniani ni moshi wa mashina ya pamba.

Baadaye risiti za pamba zinakwisha, na karatasi ya kwanza ya kahawa inaonekana. Kuka alikuwa amepanda mlimani. Ile kahawa ya Bugisu ni arabika, inayopenda baridi ya Mlima Elgon, au Masaba kama wenyewe wanavyouita. Inachumwa nyekundu, inamenywa, inaoshwa, inakaushwa juani, ndipo inapelekwa kwa chama. Mwaka 1954 vyama vidogo vya wakulima viliungana wakapata chama chao kikuu, Bugisu Co-operative Union, chenye makao Mbale. Kuka ana risiti kutoka chama cha kijiji, za ratili na shilingi, mwaka baada ya mwaka. Mwaka mmoja ni ratili 212, mwingine ni 90 tu. Nyuma ya ile ya 90 ameandika kwa penseli neno moja la Kiswahili: mvua.

Jinja

Kati ya 1951 na 1953 hakuna risiti ya kahawa hata moja. Kuna picha. Kuka amesimama na wanaume wawili, amevaa kaptura na kofia, na nyuma ya picha kuna muhuri wa studio ya Jinja na mwaka 1953. Pamoja nayo kuna karatasi ya malipo ya kazi ya saruji.

Miaka hiyo ndipo lilipokuwa likijengwa bwawa la Owen Falls, lile ambalo leo linaitwa Nalubaale. Malkia Elizabeth alilifungua tarehe 29 Aprili 1954. Watu walitoka pande zote kutafuta kazi, Wajaluo na Waluhya wengi kutoka Kenya, na wengi walikaa Walukuba, mtaa wa nyumba za wafanyakazi. Miti ya kahawa ikiwa michanga haizai mara moja, unangoja miaka kama mitatu hivi. Kuka alikuwa amepanda miti mipya, na watoto wanataka kula. Akaenda Jinja kubeba saruji mpaka miti ikue.

Kukhu anakumbuka kwamba kila alipotuma pesa, ujumbe wa mdomo uliofuatana nazo ulikuwa swali moja: mmepalilia?

Mwaka 1970

Tikiti ya mwisho ya kodi ni ya 1969. Hatukuhitaji kumuuliza Kukhu sababu, maana tuliisoma shuleni kidogo. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliamua kwamba kazi ni za raia, na wafanyakazi wa nchi nyingine waondolewe. Maelfu ya Wakenya walirudi kwao, wengi kutoka Kampala na Jinja. Agizo liliwahusu hasa watu wa mishahara, lakini hofu haisomi agizo mpaka mwisho. Ilipanda mlima mpaka mashambani. Kuka alikuwa na karibu miaka 60. Alitoka Mbale na baiskeli, jembe, na huu mkebe.

Kukhu wakati huo alikuwa ameolewa Kenya. Anasema baba yake alifika jioni, akaegemeza baiskeli ukutani, akaomba maji. Hakusema kilichompata. Alisema tu kwamba kahawa ilikuwa inaanza kuiva.

Karatasi ya Kiganda

Sasa tulibaki na karatasi moja, ile mjomba aliyoitaka. Imeandikwa mwaka 1946, ina dole gumba tatu, na imeandikwa kwa Kiganda. Msishangae. Tangu siku za Semei Kakungulu, Muganda aliyetawala upande wa Mbale kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, Kiganda kilitumika huko sana katika ofisi na makanisa. Mjomba hajui Kiganda. Alikuwa ameona neno ettaka, yaani ardhi, na alama za vidole, akasema hii ndiyo hati ya shamba.

Tuliipeleka kwa mwalimu mwenzetu ambaye ni Muganda. Aliisoma mara mbili kwa sauti ya chini, akatutazama, akasema, "Walimu, hapa hakuna aliyeuza kitu." Karatasi inasema hivi: mwenye ardhi amempa Kuka mahali pa kulima, kwa sababu walitahiriwa mwaka mmoja na wamekuwa kama ndugu. Miti atakayopanda ni yake na matunda ni yake. Udongo ni wa ukoo wa mwenyeji, na hauuzwi. Kuka ametoa mbuzi mmoja na jembe jipya kama shukrani. Mashahidi wawili.

Tulirudi nyumbani kimya. Tulijua mjomba anangoja.

Tulipomwambia alikasirika. Alisema huyo mwalimu ametafsiri vibaya, ati Waganda wanajua kuficha. Akasema broka ameahidi kwamba karatasi ya namna hiyo inatosha. Kukhu akakata maneno: "Basi waende wenyewe waone. Mbuzi wangojee."

Safari

Tulichanga pesa ya nauli, tukapata barua ya kusafiri, tukapanda basi Bweyale alfajiri. Karatasi zenyewe tuliziacha. Tulizipiga picha kwa simu, tukabeba picha tu na sauti ya Kukhu tuliyoirekodi.

Jinja tulisimama siku moja. Tulipita juu ya Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, na kutoka hapo tukaliona bwawa kwa mbali. Tulikwenda Walukuba, tukakuta Kiswahili bado kinasemwa. Tulisikia kwamba nyaraka za zamani za wilaya, Jinja na hata Mbale, ziliorodheshwa na watu wa vyuo vikuu, faili za machifu, kodi, mashamba na kesi. Hilo ni jambo jema kwa mtu ambaye babu yake alikuwa chifu au aligombana na mtu mahakamani. Babu aliyebeba saruji kimya na kulipa kodi yake haonekani upesi katika faili. Wa namna hiyo utampata katika mkebe.

Kutoka Jinja tulipita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi, mpunga huku na huku, mpaka tukauona mlima. Mbale iko chini kabisa ya ukuta wa Wanale. Kijiji kilichoandikwa kwenye karatasi kiko huko juu. Tulipanda kwa miguu, tukiuliza jina la mwenyeji wa Kuka. Nyumba ya tatu wakatuelekeza kwa mzee mmoja, mtoto wa yule rafiki. Ana miaka zaidi ya 70.

Tukamwambia mulembe, akaitikia mulembe. Lugha yao na yetu ni kama mtu na binamu yake, babu kwetu ni kuka, kwao ni kuuka. Tukataja jina la Kuka. Mzee akakaa kimya muda mrefu. Wanawe watu wazima walikuwa wamesogea wakasimama nyuma yake. Halafu akauliza, "Mmekuja kuchukua?"

Ndugu wasomaji, pale ndipo tulipoona lile shamba. Ni kipande cha mteremko, kimegawanywa kwa wana wake watano, mgomba hapa, maharage hapa, kahawa katikati, hakuna pa kuweka hata mkeka. Watu ni wengi mlimani na mlima wenyewe unateleza. Tarehe 1 Machi 2010, kule Bududa, udongo uliporomoka ukafunika vijiji na kuua mamia ya watu. Nani angekuja na picha ya simu awaambie watu kama hawa wahame?

Na tusidanganye, mmoja wetu aliiwaza njaa ya nyumbani, akaiwaza sana. Lakini karatasi ilikuwa imesema. Tukajibu, "Hapana, Baba. Tumekuja kusalimia."

Mzee akapumua. Akaita chai. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba akatuonyesha mashina matano manene ya kahawa, yaliyokatwa mara nyingi na kuchipua tena. "Haya," akasema, "bado tunayaita ya Mubukusu."

Chepkube

Halafu akatuambia jambo ambalo halimo katika mkebe.

Mwaka 1975 baridi kali iliua kahawa ya Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ikapanda dunia nzima. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Serikali ilimlipa mkulima kidogo na kwa kuchelewa. Watu wa mlimani wakawa wanabeba kahawa usiku, kwa kichwa na kwa punda, mpaka soko la Chepkube upande wa Kenya. Hiyo ndiyo magendo. Hatuisifu. Wako waliopigwa risasi njiani.

Mzee huyu alikuwa kijana, alibeba pamoja na baba yake. Walipouza, baba yake hakugeuka kurudi. Alimwambia mwanawe wamtafute rafiki. Waliuliza siku mbili mpaka wakampata Kuka nyumbani kwake. Yule rafiki alikuwa amehesabu mazao ya ile miti kwa misimu yote tangu 1970. Akafungua kitambaa akamwekea Kuka pesa zake mkononi, akalala usiku mmoja, akarudi. Hawakuonana tena.

Hakukuwa na risiti. Lakini tulipiga simu kambini jioni hiyo hiyo, tukamuuliza Kukhu: mwaka 1977 Kuka alifanya nini? Akajibu bila kufikiri, "Aliezeka nyumba mabati. Watu wote walishangaa, mtu hana hata ng'ombe, mabati ametoa wapi?"

Nyumba hiyo ndiyo aliyozaliwa mjomba wetu. Ndiyo iliyochomwa Januari 2008.

Kurudi

Mzee alitupa kilo mbili za kahawa, tukarudi. Mjomba alikuja usiku. Tulimweleza yote, kisha tukamfungulia simu asikie sauti ya mzee mwenyewe akisema habari ya Chepkube. Alisikiliza, akaomba tuirudie. Hatuwezi kusema alifurahi. Alitaka shamba, na tulimletea habari. Njaa ilikuwa pale pale. Lakini baada ya kimya alisema, "Kumbe fungu langu la Mbale nilikwisha kulipata. Nililala chini yake miaka 30."

Mbuzi hakuuza. Broka alipiga simu mara tatu, ya nne mjomba hakuipokea.

Wiki iliyofuata mjomba alirudi na bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi yake ya kwanza ya kuandikishwa kule Mulanda mwaka 2008, imekunjamana. Akamwambia Kukhu, "Senge, weka na hii." Kukhu akafungua ule mpira wa tyubu, akaiweka juu ya kipande cha Kuka, akafunga.

Mashauri yetu kwa kila nyumba

Yale tuliyojifunza tunawapa, mtumie mtakavyoweza.

1. Tunzeni karatasi zote, hata zile mnazoona hazina maana: risiti, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, ripoti ya shule, karatasi za kuandikishwa. Zifungwe kwenye nailoni, mbali na mvua, panya na mchwa. Mzipige picha kwa simu, na nakala mtumie ndugu aliye mbali.

2. Karatasi inakupa mwaka, mzee anakupa sababu. Kipande kilituonyesha nafasi tupu, Kukhu ndiye aliyetuambia kwamba alitoroka. Waulizeni wazee sasa, mkiwa mnachambua maharage au mnaota moto.

3. Kama mzee hajui miaka, muulize rika, njaa, vita, chifu, au aliyezaliwa wiki moja naye. Miaka itatoka humo.

4. Msikatae jina kwa ajili ya herufi. Linganisheni jina la baba na kijiji.

5. Karatasi ya lugha msiyoijua, msimpe broka. Mpeni mtu asiye na faida yoyote ndani yake awasomee. Hapa kambini lugha zote ziko, tukiulizana hatukosi.

6. Andikeni habari zenu wenyewe. Mnalima nini, nani aliwaazima jembe siku ya kwanza, nani aliwapa mbegu. Siku moja mtoto atauliza.

Sisi tumekwisha anza. Tumenunua daftari la kurasa 96. Ukurasa wa kwanza ni wa Kuka: alipanda pamba, alipanda kahawa, alilipa kodi, alifukuzwa na hofu, alikuwa na rafiki. Ukurasa wa pili ni wa ploti yetu hapa, mahindi ya 2008 mpaka sasa, na miaka ya jua kali tumeandika kama Kuka, neno moja tu.

Jumamosi ya pili ya kila mwezi, baada ya saa nane, tutakaa chini ya mwembe wa shule. Atakayetaka kusomewa au kuandikiwa, aje na karatasi zake. Asiye na karatasi aje na mzee. Watoto wa darasa la sita, kazi yenu bado tunaingoja.

Mungu awalinde wote. Mulembe.